FLCL: miendelezo minne, na kwa nini uanze na Alternative

Mkuu, umeuliza kama mtu aliyemaliza FLCL ile ya kwanza, anime (katuni ya Kijapani), ana haja ya kuhangaika na miendelezo yake, na kama anayo, aanze na upi. Kwa kifupi: anza na Alternative, kisha Progressive kwa subira. Shoegaze usiiguse kabla ya Alternative, na Grunge iache iwe ya mwisho. Maelezo yake ni marefu kidogo, maana wengi wanaitupa yote kapu moja kwa hoja kwamba "si kama ile ya zamani". Hicho si kipimo. Hakuna kitakachofanana na ile ya zamani, hata angerudi yule yule aliyeitengeneza.

Hesabu kwanza. Ya asili ina sehemu 6, zilizotoka Japani kati ya Aprili 2000 na Machi 2001. Ni kazi ya studio za Gainax na Production I.G, muongozaji Kazuya Tsurumaki, mwandishi Yoji Enokido, wahusika wakabuniwa na Yoshiyuki Sadamoto. Adult Swim, runinga ya Marekani, ilianza kuirusha 2003, na huko ndiko ilikopata wafuasi wa kufa na kuzikana. Production I.G ilichukua haki zake kutoka Gainax 2015, na kwa kushirikiana na Adult Swim zikaja Progressive na Alternative 2018, sehemu 6 kila moja, kisha Grunge na Shoegaze 2023, sehemu 3 kila moja. Hati za zile mbili za 2018 aliandika Hideto Iwai, si Enokido, na hapo ndipo tofauti kubwa inapoanzia. Watu wanalalamikia mchoro, lakini kilichobadilika zaidi ni kalamu.

Ili uone tofauti, rudi kwenye sehemu ya 4 ya ile ya kwanza. Naota, mhusika mkuu, ana miaka 12. Kaka yake Tasuku, aliyekuwa hodari wa besiboli, ameondoka kwenda kucheza Marekani. Naota anaingia uwanjani na gongo begani, mpira unakuja, na yeye hazungushi. Anasimama tu mpaka anatolewa. Ukishindwa bila kujaribu, hakuna atakayesema kaka yako angeupiga. Haruko, mwanamke wa ajabu kutoka anga za mbali aliyevamia maisha yake, anamwambia kwamba asipozungusha gongo hakuna kitakachotokea, na maneno hayo ni maelekezo ya besiboli kabisa, kama kocha yeyote angeyasema. Baadaye satelaiti inaporomoka kuelekea mjini na mtoto yule yule inambidi azungushe, safari hii kwa gitaa lililotoka kichwani mwake mwenyewe. Hakuna mhusika anayesimama kutufafanulia maana. Umeielewa mwili mzima kabla hujaitafutia maneno.

Hicho ndicho kipimo changu kwa kila mwendelezo: kitu cha ajabu kinapotokea, je, kimetoka kwenye jambo ambalo mtoto hawezi kulisema, au kimeletwa kwa sababu FLCL lazima iwe na roboti? Katika ile ya kwanza pembe inamea kwenye paji la uso wa Naota baada ya kugongwa na skuta ya Vespa ya njano na kupigwa gitaa la besi, naye anaifunika kwa plasta kama mvulana anayeficha aibu ya mwili wake. Roboti inatoka hapo hapo, pale anapofichia.

Kipimo cha pili ni Haruko. Haruko wa kwanza ni mbinafsi. Anamtafuta Atomsk, haramia wa angani mwenye nguvu kubwa, na kichwa cha Naota kwake ni mlango tu wa kupitia. Mtoto anampenda, yeye anamtumia, na kuna nyakati huwezi kujua kama ana chembe ya huruma. Ukimfanya shangazi mwema anayetoa ushauri, umeondoa sumu iliyokuwa inaifanya hadithi iume.

Sasa Progressive. Mhusika mkuu ni Hidomi, msichana wa miaka 14 anayejifungia ndani ya hedifoni zake ili dunia isimfikie. Wazo hilo ni zuri sana, na kwenye sehemu ya kwanza linafanya kazi. Tatizo ni kwamba Haruko amegawanywa watu wawili, Raharu na Jinyu, mmoja akiwa tamaa na mwingine akiwa busara, na wawili hao wanagombana juu ya kichwa cha msichana. Mgogoro uliokuwa ndani ya mtu mmoja umewekwa mezani na kuanza kujadiliwa. Hidomi mwenyewe anakuwa mtazamaji wa hadithi yake. Jambo la pili, karibu kila kitu cha zamani kinarudishwa: Canti (ile roboti iliyotoka kichwani mwa Naota), kiwanda chenye umbo la pasi, Atomsk. Vinaporudi bila kazi mpya vinageuka salamu kwa mashabiki. Hata hivyo usiikatae yote. Kila sehemu ilipewa muongozaji wake, kwa hiyo ubora unapanda na kushuka, na sehemu ya 5 inathubutu kwa mchoro kuliko kitu kingine chochote kilichotoka mwaka ule kwa jina la FLCL. Ukichoka njiani, vumilia ufike hapo.

Alternative iliongozwa na Yutaka Uemura, na ndiyo inayodharauliwa bila sababu. Kana ana miaka 17, ana marafiki watatu, Pets, Mossan na Hijiri, na tangu mwanzo unajua kundi lile litavunjika, kwa sababu shule inaisha na wenye uwezo wanahamia sayari ya Mirihi. Haruko hapa kweli amekuwa laini kuliko inavyopaswa, hilo silikatai. Lakini angalia Mossan: anataka chuo cha mitindo, anabeba vibarua juu ya vibarua kutafuta ada, na hataki kusaidiwa. Kana anang'ang'ania kumsaidia kwa nguvu, na ule wema wenyewe unakuwa mzigo. Hilo ni jambo jipya, la umri mwingine, na halikuazimwa kwa Naota. Mwendelezo mzuri ni ule unaouliza swali ambalo wa kwanza usingeweza kuuliza. Ndiyo maana naiweka mbele, na hata kwenye kumbi za sinema za Japani ndiyo iliyotangulia Septemba 2018, Progressive ikafuata wiki 3 baadaye.

Muziki wa The Pillows, bendi ya roki ya Kijapani, upo kote, lakini usikubali ukuhadae. Nyimbo nyingi za ile ya kwanza zilikuwa tayari kwenye albamu zao za 1998 na 1999, na picha zilikatwa kuufuata wimbo: gitaa likiingia, mwili unaruka. Chukua tukio la mapigano kwenye mwendelezo wowote, zima sauti, tazama dakika 2. Kama bado moyo unadunda, tukio ni zima. Kama limekufa, ulikuwa unasisimkwa na kumbukumbu zako.

Grunge ni ya kompyuta, ya pande tatu, na sehemu zake zinasimulia matukio yale yale kupitia macho ya vijana watatu, mmoja kila sehemu. Muundo huo ungeweza kubeba kitu kikubwa. Kinachoiangusha ni miili. FLCL inaishi kwa nyuso zinazovurugika kutoka fremu moja hadi nyingine, jambo ambalo mchoraji wa mkono analimaliza kwa penseli. Umbo la kompyuta kila mvurugiko unatakiwa utengenezewe njia yake, la sivyo uso unabaki mgumu kama wa mwanasesere.

Shoegaze ni ya Uemura tena, imewekwa miaka 10 baada ya Alternative, kwa hiyo usipomjua Kana nusu ya uzito wake inakupita.

La mwisho, kuhusu sauti. Kwa Kijapani, Haruko wa ile ya kwanza na wa Alternative ni Mayumi Shintani, ila Raharu wa Progressive ni Megumi Hayashibara, na sikio linashtuka. Kwa Kiingereza Kari Wahlgren yupo kwenye zote tatu. Kama mabadiliko ya sauti hukutoa kwenye hadithi, Progressive itazame kwa Kiingereza.