Kifuko au majani? Maswali yenu ya chai wiki hii

SWALI: Dada habari za kazi. Mi na mke wangu kila asubuhi ugomvi ni chai. Yeye anatumia majani na chujio lake, anasema vifuko ni takataka zinazofagiwa kiwandani alafu zinafungwa kwenye karatasi zinauzwa. Mi natoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri, muda wa kuhangaika na chujio sina, natumbukiza kifuko nakunywa naondoka zangu. Nani yuko sahihi? Ukiona ni yeye naomba usiichapishe.

JIBU: Tumeichapisha kaka, pole. Ila usikate tamaa maana shemeji kapatia nusu tu.

Hiyo habari ya kufagia sio kweli. Majani yakishakauka kiwandani yanapitishwa kwenye chekeche za matundu tofauti, makubwa yanabaki juu, yaliyovunjika yanashuka, na yale madogo kabisa kama mchanga yanakuwa daraja la mwisho ambalo wenyewe wanaliita vumbi, sasa jina hilo ndo limeharibu kila kitu, mtu akisikia vumbi anawaza ufagio. Ni chai ileile ya mti uleule, imesagika tu. Na kweli vifuko vingi vinajazwa hizo ndogo, kwa sababu zinaachia rangi haraka na kifuko kinatakiwa kimalize kazi ndani ya dakika mbili tatu.

Hapo ndo nusu ya shemeji inapoanzia. Jani likiwa dogo sana maji yanaligusa kila upande, rangi inatoka fasta, lakini ule ukakasi unaokausha ulimi nao unatoka fasta, na ile harufu nzuri inapotea mapema hata kabla hujanunua. Jani zima linatoa taratibu, ladha inakuja kwa awamu. Chukua mkasi ukate kifuko chako, mwaga kwenye sahani nyeupe, pembeni weka kijiko cha majani ya shemeji. Kama yake ni marefu yamejisokota kama kamba, yatie kwenye glasi ya maji moto uangalie, yanakunjuka polepole mpaka unaliona jani na kikonyo chake, yani linakuwa mara kadhaa ya lilivyokuwa. Sasa hilo ukilibana ndani ya kifuko bapa litakunjukia wapi?

Lakini kama yake nayo ni vipunje vidogo vyeusi vya duara, mnagombana bure. Hiyo ni chai ya CTC, inapitishwa kwenye rola zenye meno zinazoiponda, kuichana na kuivingirisha, mtindo ulioanzia Assam kule India miaka ya 1930, na chai hiyohiyo ndo inayojaa kwenye vifuko vingi. Inawezekana kabisa mnakunywa chai moja, tofauti ni karatasi. Kwahiyo swali la maana dukani sio kifuko au majani, ni jani lenyewe lina ukubwa gani na limekaa muda gani.

Na we wa alfajiri usione aibu. Mwaka 1901 wanawake wawili wa Milwaukee, Marekani, Roberta Lawson na Mary McLaren, waliomba hataza, yani haki ya kumiliki uvumbuzi, ya kifuko cha kitambaa cha matundu cha kutosha kikombe kimoja, wakapewa 1903, na hoja yao ilikuwa kama yako tu: mtu anataka kikombe kimoja cha chai iliyotoka kupikwa, ya nini apike buli zima alafu nusu imwagwe? Ushauri wangu, asubuhi za kukimbizana endelea na kifuko, siku ya kutulia nyumbani kaa na shemeji mtumie buli. Kikapu kidogo cha waya cha kuning'iniza kwenye kikombe nacho kinasaidia, ila kiwe kipana, vile viduara vya kufunga kama yai vinabana majani hata kuliko kifuko.

SWALI: Nimesikia vifuko vina plastiki, naogopa. Niache?

JIBU: Inategemea kifuko gani. Mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha McGill, Kanada, walichukua vifuko vya plastiki, vile vya kung'aa kama wavu wa hariri, wakatoa chai yote wakaviloweka kwenye maji ya nyuzi 95, na kifuko kimoja kikaachia chembe kama bilioni 11.6 za plastiki ndogondogo sana. Namba inatisha, ila hawakupima watu wamedhurika au la, kwahiyo tusiongeze chumvi. Vya karatasi pia vingi vinawekewa plastiki kidogo ili kingo zishikane kwa moto wa mashine, ndo maana ukivifukia bustanini karatasi inaoza na kinabaki kiwavu chepesi. Ukitaka kujitoa kabisa kwenye hilo, majani na chujio la chuma, basi. Hapa shemeji wa juu anapata pointi zote.

Tena kinachokera ni kwamba vile vya pembetatu vinavyong'aa ndo vinavyowapa majani makubwa nafasi ya kukunjuka. Kizuri kwa jani, kibaya kwa wenye wasiwasi kama wako. Angalia maandishi ya boksi kabla hujanunua.

SWALI: Nimehamia kwenye majani, kikombe cha kwanza kitamu, cha pili kichungu hakinyweki. Nakosea wapi?

JIBU: Unayaacha ndani ya buli, si ndio? Yanaendelea kutoa tu. Weka gramu 2 mpaka 3 kwa kikombe, funika dakika tatu hadi tano, alafu mimina chai yote ichujwe kwenye chombo kingine, hata thermosi. Na kama ni chai ya kijani usiimwagie maji yanayochemka, yaache maji yapoe yafike nyuzi 80 hivi, ukiiunguza itakuwa chungu hata ukiitoa mapema.

SWALI: Kifuko kimoja naweza kutumia mara mbili?

JIBU: Unaweza, ila cha pili kitakuwa maji yenye rangi, kwa sababu zile ndogo zinamaliza karibu kila kitu raundi ya kwanza. Majani makubwa kama ya oolong, ile chai ya Kichina iliyo katikati ya ya kijani na nyeusi, yanarudiwa mara tatu nne na kila raundi ladha yake. Kile kifuko ulichokiacha kwenye kisosi tangu jana lakini, kitupe tu.