Kabla hamjapima sikoseli kwa ajili ya ndoa

Posa zikianza kuingia mtaani kwetu Makorora, hapa Tanga, wazazi huniita. Mimi si mshenga wala somo. Wananiita kwa sababu mwanangu wa pili ana sikoseli, ugonjwa wa damu wa kurithi, na wanajua nimekaa sana kwenye mabenchi ya kliniki. Swali lao ni moja: tuwapime vijana hawa kabla ya kupokea mahari? Nawaambia ndiyo, wapimeni. Halafu nami nawauliza langu: majibu yakitoka, nani atayaona?

Hapo wengi hunyamaza, kwa maana walishazoea kwamba mtoto akiposwa mambo yake ni ya ukoo mzima.

Hesabu yenyewe ni nyepesi. Kila mmoja wetu hurithi nakala mbili za kinasaba cha himoglobini, ile protini ya damu inayobeba oksijeni, moja kwa baba na moja kwa mama. Mwenye nakala moja ya sikoseli, yaani AS, ni mzima, analima, anavua, anazeeka. Wawili wa AS wakioana, kila mimba ina uwezekano wa robo kumpata mtoto wa SS, yaani mwenye nakala zote mbili za sikoseli, ambaye ndiye mgonjwa. Nusu kumpata wa AS kama wao. Na robo kumpata asiye na chochote. Kila mimba huanza hesabu upya. Nimewasikia wanaosema kwamba wa kwanza akiugua, watatu wanaofuata wamesalimika. Si kweli, na imani hiyo imeliza watu. Wataalamu hukadiria kwamba kila mwaka Tanzania huzaliwa watoto wapatao 11,000 wenye ugonjwa huu, kwa hiyo hatuzungumzii balaa la nyumba moja.

Wala si laana. Mwaka 1954 daktari Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alionesha kwamba mwenye AS hupata kinga fulani dhidi ya malaria kali. Ndiyo maana chembe hii ya urithi imeshamiri huku kwenye mbu wengi. Mtu wa Muheza au Pangani mwenye AS amerithi kitu kilichowavusha mababu zake utotoni. Kwa hiyo naomba tuache kumwita binti "mwenye damu mbovu", neno ninalolichukia kuliko yote.

Kwetu pwani kuna jambo la kuongeza: ndoa za binamu. Mtoto wa ami na mtoto wa ami wana babu na bibi wamoja, na chembe ikiwa imo ndani ya ukoo, huenda wote wawili wanayo. Sisemi msioane. Nasema hao ndio wa kwanza kupima.

Sasa turudi kwenye siri. Nilishuhudia uchumba ukivunjika kwa sababu shangazi wa kijana alikuwa na jamaa maabara, si hapa mjini, akapewa majibu ya binti kwa simu kabla binti mwenyewe hajayasikia. Jioni hiyohiyo mtaa wote ulijua. Yule binti alikuwa AS tu, mzima kabisa, na kijana hata hakuwa amepimwa! Hakuna aliyejua kama palikuwa na hatari yoyote kwa watoto wao. Waliolipa gharama ya maneno ni upande mmoja.

Sheria haiko upande wa shangazi yule. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inahesabu taarifa za vinasaba kuwa taarifa nyeti. Na Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka ridhaa ya hiari ya wanaooana, wala haimlazimishi yeyote kupima damu. Mzazi anaweza kushauri, hata kusihi. Hawezi kumburuta mtu kwenye sindano, wala kudai karatasi yake.

Kuna jambo la pili, zito zaidi, ambalo watu hawalioni linavyokuja. Mtoto ameshazaliwa, amekutwa na SS, familia inasema na baba apimwe. Baba anapimwa kipimo cha haraka, anaambiwa hana. Wifi anaanza kuhesabu miezi. Nimemwona mama akiondolewa nyumbani na mtoto mgonjwa mgongoni kwa ajili ya karatasi ya namna hiyo.

Sikilizeni vizuri. Kipimo cha haraka cha aina ya zamani kinaonesha kama damu ina sikoseli au haina, basi. Hakitofautishi AS na SS, na hakioni talasemia, ugonjwa mwingine wa damu wa kurithi. Baba anaweza kuwa na chembe ya talasemia, mama ana ya sikoseli, mtoto akachukua zote mbili akaugua kama mwenye SS. Kuongezewa damu karibuni pia huharibu majibu. Ni vyema kusubiri kama miezi mitatu. Na chupa za damu huweza kuchanganywa majina. Kwa hiyo ombeni kipimo kinachotenganisha aina za himoglobini, na msikitumie hata hicho kuamua baba ni nani. Shaka ya uzazi ina njia yake: kipimo cha DNA chini ya sheria ya vinasaba vya binadamu ya mwaka 2009, inayosimamiwa na Mkemia Mkuu wa Serikali, na Sheria ya Mtoto ya mwaka huohuo inaipa mahakama uwezo wa kuamuru kipimo hicho. Wifi hana mamlaka hayo. Tena matibabu ya mtoto hayahitaji majibu ya baba. Dawa na maji na chanjo ni zilezile. Daktari akitaka kumpima baba, mama aulizwe kwanza faraghani, na wote wawili waelezwe kinachoweza kujitokeza kabla damu haijatolewa.

Wengine huniuliza: si tuoane tu, tutapima mimba ikiingia? Kumbukeni kwamba Tanzania kutoa mimba ni kosa la jinai isipokuwa kuokoa maisha ya mama. Mazungumzo mazito ni ya sasa, mkiwa bado mna nafasi ya kuchagua. Wapo wa AS kwa AS waliooana wakijua, na siwazuii. Wanapanga kumpima mtoto mapema na kuanza kliniki bila kuchelewa.

Kwa hiyo vijana nendeni pamoja, siku moja, mpimwe wote wawili. Mwambieni mhudumu mbele ya mwenzako kwamba kila mmoja atapokea majibu yake kwa mkono wake, na namba ya simu itakayoandikwa iwe yake, si ya mjomba. Kubalianeni mapema mtawaambia nini wazazi. "Tumepima na tumezungumza" inatosha. Ukiwa AS, waambie ndugu zako wa tumbo moja nao wapime, maana huenda wanayo, lakini waambie mwenyewe. Na taarifa zako zikivujishwa, andika malalamiko kwa uongozi wa kituo, kisha kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, ukitaja tarehe na nani alisema nini.