Jibu: HbA1c ya 7.4 maabara moja, 57 nyingine, ipi sahihi?

Mkuu, zote sahihi, na ni jibu lile lile la HbA1c, kipimo cha wastani wa sukari kwenye damu kwa miezi miwili hadi mitatu. 7.4 ni asilimia, kipimo cha NGSP, mpango wa Marekani wa kusawazisha majibu ya HbA1c. 57 ni mmol/mol, kipimo cha IFCC, shirikisho la kimataifa la maabara za kemia ya tiba. Kubadili: zidisha 57 kwa 0.0915, ongeza 2.15, unapata 7.4. Kwa haraka kumbuka 48 ni 6.5%, 53 ni 7%, 64 ni 8%.

NGSP ilianza 1996 kwa sababu mashine zilikuwa zinatoa namba tofauti kwa damu ile ile, wakati malengo ya tiba yametoka kwenye DCCT, utafiti mkubwa wa kisukari wa 1993, hivyo namba za maabara lazima zilingane na za utafiti huo. Kwa hiyo uliza maabara kama mbinu yao ina cheti cha NGSP, na kama wanapima sampuli za udhibiti (zenye jibu linalojulikana) kabla ya za wagonjwa. Wakishindwa kujibu hilo la pili, hama.

Hata hivyo usitishike na tofauti ndogo. Kutoka 7.4 hadi 7.6 si lazima sukari imepanda. Wengi huanza kujali ikifika 0.5. Fuatilia kwenye maabara moja.

Kuna jambo ambalo cheti hakitibu: damu yenyewe. Mwenye selimundu, aliyeongezewa damu karibuni, au ambaye chembe nyekundu zinavunjika mapema, anaweza kupata namba ya chini isiyo ya kweli. Upungufu wa madini ya chuma huipandisha. Hapo mwombe daktari kipimo cha fruktosamini (sukari iliyoshikamana na protini za damu), au tegemea glukomita, mashine ya kupima sukari kwa tone la damu.