"Chemsha hadi joto la 67": swali la mpika bia

Swali: Mimi na wenzangu wawili tunatengeneza bia ya shayiri nyumbani, hapa Moshi. Nimepewa kazi ya kuandika maelekezo kwa Kiswahili, nikaandika hivi: "Ponda kimea, chemsha hadi joto la 67, acha saa moja." Mwenzangu anang'ang'ania kwamba ni "halijoto", si "joto". Nani kati yetu yuko sahihi?

Jibu: Mwenzako ana hoja, na nitaifikia. Lakini neno lililonishtua katika sentensi yako ni "chemsha".

Nyumbani kitenzi hiki tumekilegeza. Mtu akisema "nichemshie maji ya kuoga" hataki maji yanayotokota. Anataka yapate moto, basi. Wala hajakosea, maana anayeambiwa anaelewa. Kimea ndicho kisichoelewa. Ndani yake mna vimeng'enya vinavyogeuza wanga kuwa sukari, na kwa bia hufanya kazi vizuri kati ya nyuzi joto 62 na 72 hivi. Msomaji wako akichemsha kwa maana kamili ya neno, vimeng'enya vinaharibika, anabaki na uji wa shayiri, na chachu haitapata sukari ya kula.

Aliyewahi kukaa jikoni togwa inapopikwa amekwisha kuliona hili. Uji mzito unashushwa motoni, unaachwa upoe, ndipo unatiwa unga wa kimea cha ulezi. Unakoroga, na mwiko uliokuwa unakwama unaanza kwenda kwa urahisi. Uji unalegea mbele ya macho yako, na ukiuonja baadaye una utamu ingawa hakuna aliyetia sukari. Tia kimea hicho hicho uji ukiwa bado unatokota, hautalegea vile hata ukoroge mpaka mkono uchoke. Kwa hiyo andika "pasha moto", uliache "chemsha" kwa hatua ya baadaye, maji ya kimea yakishachujwa na sasa yanachemshwa kwelikweli.

Sasa joto na halijoto. Joto ni kitu chenyewe: linaingia, linatoka, linatuunguza mwezi wa pili. Halijoto ni kipimo cha kitu hicho. Ndiyo maana unafunika sufuria ili joto lisitoke, kisha unatumbukiza kipimajoto ili ujue halijoto imefika wapi. Angalia pia ngeli: joto limepungua, halijoto imeshuka. Joto huwa kali. Halijoto huwa juu au chini, na "halijoto kali" ni kosa ninalolikuta mara kwa mara hata kwenye taarifa za hali ya hewa. Sentensi yako ingeeleweka, sikatai, ila "joto la 67" limekosa kizio. Sema "nyuzi joto 67". Na ukihesabu, ni nyuzi joto mbili, tatu, tano. Ukisema "uzi mmoja" msomaji atatafuta sindano.

Usijaribu kuikwepa tarakimu kwa kuandika "maji ya vuguvugu". Vuguvugu ni maji ya kumwogeshea mtoto. Maji ya nyuzi joto 67 yanababua kidole. Kutoka hapo hadi maji ya kutokota Kiswahili cha kila siku kina "maji ya moto" tu, na mpika bia anahitaji zaidi ya hapo: karibu na 63 atapata bia nyepesi kinywani, isiyobakiza utamu, karibu na 70 itakuwa nzito, yenye utamu kidogo.

"Ponda" nadhani umeitoa kwenye kamusi ya Kiingereza, ambako neno la hatua hii ndilo hilo hilo la viazi. Kuponda kunaacha rojo. Shayiri yako inavunjwa ikiwa kavu, ibaki chengachenga, na kwa hilo tuna kitenzi kizuri ambacho natamani kirudi midomoni: kupaaza. Kuitia kwenye maji ya moto ni hatua nyingine, nami ningeandika tu "loweka kimea katika maji ya moto". Neno "loweka" peke yake lisitumike hapo, kwa sababu nafaka hulowekwa pia kwa maji baridi ili iote, yaani imee, na huko ndiko jina kimea lilikotoka.

Limebaki "acha saa moja". Anayeanza kupika saa kumi na moja jioni ataweza kuiacha sufuria mpaka saa moja usiku. "Kwa muda wa saa moja" inatosha, ila kwenye maelekezo napenda dakika.

Ningeandika hivi: "Paaza kimea. Pasha maji moto, lita 3 kwa kila kilo ya kimea, hadi nyuzi joto 73. Zima moto, mimina kimea, koroga mpaka kusiwe na madonge. Halijoto itashuka hadi 67 hivi. Funika sufuria, izungushie blanketi joto lisitoke, uiache kwa dakika 60."