Kamera Yangu Ilishinda Mvua, Nikaiharibu Mwenyewe Hemani

Siku ya kwanza ya njia ya Machame mvua hukukuta msituni, na ikishakukuta haina haraka ya kuondoka. Mwaka ule nilipanda Kilimanjaro mwezi Novemba, vuli imekolea. Kutoka getini, mita 1,800 hivi, hadi kambi ya kwanza kwenye mita 2,835, nilitembea na kamera ikining'inia kifuani bila kuifunika. Nilikusudia. Nilikuwa nimeinunua kwa pesa za kupiga picha za harusi msimu mzima, boksi lake limeandikwa kwamba inahimili vumbi na unyevu, nami nikataka kujua kama boksi linasema kweli.

Lilisema kweli. Maji yalitiririka juu ya vitufe, yakadondokea ukingoni mwa skrini, na mimi naendelea kupiga wapagazi wanaonipita na mizigo kichwani, migongo ikifuka mvuke. Tulipofika kambini kamera ilikuwa nzima kabisa. Dakika kumi baadaye nikaiua.

Niliingia hemani mikono imelowa, kofia inachuruzika, nikafungua kimlango cha betri ili niweke betri nyingine. Tone lililokuwa limejibanza kwenye ufa wa kile kimlango likateleza ndani. Kamera ikawaka, ikazima, basi. Kambi zilizofuata, Shira na Barranco, nilipiga kwa simu. Kamera iliamka kambi ya Karanga, siku ya nne, baada ya kuianika juani imefunguliwa kila kilichofunguka. Niliporudi Moshi fundi alinionyesha kutu ya kijani kwenye vyuma vinavyogusana na betri.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza ni huo: sili inafanya kazi mlango ukiwa umefungwa. Kamera za namna hii zina vipande vyembamba vya mpira, ndugu wa sili za injini ya pikipiki, vimezungushiwa vitufe, maungio ya bodi, yaani mwili wa kamera, na milango ya betri na kadi. Ukifungua mlango mvuani, au ukaacha waya wa kuchaji umechomekwa, una kamera ya kawaida tu yenye bei kubwa.

Lenzi nayo iangalie. Igeuze utazame pete ya chuma inayokamata bodi. Ukiona ukanda mwembamba wa mpira umeizunguka, hapo inapoungana na bodi iko salama. Usipouona, maji yatapita hapohapo, hata bodi iwe ya mamilioni. Kuna lenzi za Canon za kundi la L, 17-40mm ni mojawapo, ambazo ukinzani wake wa maji haukamiliki mpaka ufunge filta, kile kioo cha ziada, mbele. Watu wengi wanazo miaka na miaka na hilo hawalijui.

Maneno ya kwenye boksi nayo yasomwe kwa utulivu. Kampuni nyingi hazitoi kipimo, zinasema tu "inahimili". Kampuni ya OM System walijitokeza kuipa kamera yao ya OM-1 kipimo cha IP53, tena ikiwa na lenzi yenye sili. Ile 5 ni ya vumbi, 3 ni ya maji yanayonyunyiziwa kutoka juu na kwa mshazari. Hiyo ni mvua. Kuzama mtoni au kumwagiwa mpira wa kuoshea gari ni habari nyingine.

Mvuani vita yako kubwa ni tone moja katikati ya kioo. Weka hudi ya lenzi, ile kofia ya mbele inayokinga kioo, muda wote, na usipopiga, elekeza lenzi chini. Kitambaa kizuri kuliko vyote nilivyonunua ni kipande cha khanga kuukuu, ile iliyofuliwa mpaka ikalainika. Khanga mpya ina wanga, haifyonzi, inasambaza maji tu. Ninabeba vipande vitatu: cha bodi, cha mikono, na cha akiba ndani ya koti. Kioo chenyewe kina kitambaa chake cha miwani, na hicho hakigusi kitu kingine. Skrini ya kugusa izime, maana matone yanabonyeza kama vidole. Niliwahi kukuta kamera imejibadilishia mipangilio yenyewe. Na kama lenzi yako hurefuka ukivuta picha karibu, ifute kabla ya kuirudisha, kwa sababu ikirefuka na kufupika inavuta hewa kama pampu ya baiskeli, na maji yaliyo juu yake yanaweza kufuata.

Wanaofundisha kutoka Ulaya husema ivishe kamera mfuko wa plastiki wa dukani. Kwetu Tanzania mifuko hiyo imepigwa marufuku tangu Juni 2019, na mlimani ndiyo kabisa usionekane nayo. Tafuta lile begi la raba linalokunjwa mdomo, wanalotumia watu wa boti.

Theluji nilikuwa naiogopa kuliko mvua, kumbe ikiwa kavu ni rafiki. Usiku wa kilele tunatoka kambi ya Barafu, mita 4,673, karibu saa sita usiku, na theluji ikidondokea kamera unaipangusa kwa brashi ya rangi ya shilingi elfu moja. Usiipulize kwa mdomo. Pumzi yako ina joto na unyevu; itaiyeyusha, kisha maji yagande juu ya kioo. Kamera pia usiifiche ndani ya koti, kule kuna jasho. Iache nje ipoe na wewe upoe.

Betri ndizo za kukaa kifuani. Kamera nyingi zimeandikiwa kutumika kati ya nyuzi 0 na 40, na alfajiri kule juu ni chini ya hapo. Tulipofika Stella Point, ukingoni mwa kreta, betri yangu ilionyesha imekwisha. Niliitoa, nikaweka nyingine, ile ya kwanza nikaibana kwapani. Tulipofika Uhuru, mita 5,895, ikarudi na kupiga picha za kutosha. Haikuwa imekwisha, ilikuwa imepigwa baridi.

Halafu mwanga. Kamera inataka kila kitu kiwe kijivu, kwa hiyo theluji nyeupe inageuka majivu, na mtu mweusi aliyesimama mbele yake anakuwa kivuli chenye meno. Nimeona picha nyingi mno za wenzetu kileleni namna hiyo, mtu amelipa, ameteseka, na uso haumo. Pandisha mwanga kwenye kamera, pale penye alama ya +/-, hatua moja hadi moja na nusu, kisha ukague uso kabla hamjashuka. Kurudi haiwezekani.

Hatari iliyobaki iko kwenye kushuka. Kamera iliyoganda ukiiingiza kwenye hema la kulia chakula, lenye joto la watu kumi na chupa za chai, inatoa jasho nje na ndani kama soda iliyotoka kwenye friji. Sili hazizuii hilo, hewa yenye unyevu ikishapata upenyo. Kabla hujaingia, ukiwa bado kwenye baridi kavu, toa kadi kama unaihitaji, funga kamera ndani ya begi la raba, uliache saa moja au mbili mpaka lipate joto. Wapiga picha wa Dar na Unguja wanaijua bila theluji: ukitoka chumba chenye kiyoyozi kwenda bustanini, lenzi inafanya ukungu. Mimi kwenye harusi za pwani kamera inalala bafuni, kusikofika kiyoyozi.

Ikilowa kweli, toa betri, fungua milango yote, iweke mbele ya feni. Mchele uache jikoni, vumbi lake linaingia kwenye matundu. Na kama ni maji ya bahari, futa kwanza kwa kitambaa chenye maji baridi yasiyo na chumvi, upesi.

Siku hizi betri naibadilisha getini, hata ikiwa imebaki nusu. Kambini nakaa chini ya turubai la mpishi nikifuta mikono, kisha bodi, kisha kile kimlango, kona zake zote. Wapagazi wananicheka kwamba namwogesha mtoto. Chai yangu inapoa kila siku.