Roma kwa mfuko mwembamba

Dada, umeuliza siku tatu za Roma utazimudu vipi. Maji usinunue: barabarani kuna mabomba mafupi ya chuma, wenyewe huyaita nasoni, yanatiririka mchana kutwa na maji yake ni safi. Beba chupa tu. Kahawa inywe umesimama kaunta, maana ukiketi bei hupanda, na karibu na vivutio hupanda vibaya. Kanisani funika mabega na magoti. Kanga moja mkobani yatosha. Zile ngazi za uwanja wa Piazza di Spagna usizikalie, tangu 2019 ni faini. Ukiweza, panga safari iguse Jumapili ya kwanza ya mwezi: Colosseo, ule uwanja wa kale wa michezo ya Warumi, huingiliwa bure, ila foleni yake jiandae. Bakshishi si lazima.