Barua kwa mwanangu: Kuchelewa kulimfaa nini Ian Wright?

Mwanangu mpendwa,

Barua yako nimeipata. Unasema kwamba katika timu unayoifundisha yupo mshambuliaji wa miaka 19 ambaye amekwisha kukataliwa kwenye majaribio ya klabu mbili, na kwamba wenzako wa benchi la ufundi humtuliza kwa kumtajia Ian Wright, aliyesajiliwa kwa mara ya kwanza akiwa na miaka 21 na bado akaja kuandika historia Arsenal. Kwa kuwa wajua jinsi mama yako alivyomfuatilia mchezaji huyo, umeniuliza kama kuchelewa kule kulimfaa au kulimwibia. Jibu langu ni kwamba kulimwibia. Yaliyomfaa ni mambo mengine kabisa, na lililo kubwa kati ya hayo alilipata akiwa mtoto wa shule ya msingi, miaka mingi kabla ya mtu yeyote kusema kwamba amechelewa.

Wright alizaliwa Woolwich, kusini-mashariki mwa London, tarehe 3 Novemba 1963, katika familia yenye asili ya Jamaika. Nyumbani hakukuwa na raha. Amesimulia mwenyewe kwamba baba yao wa kambo, kipindi cha mpira cha BBC cha Jumamosi usiku kilipoanza, aliwaamuru yeye na kaka yake wageuke watazame ukuta, wakawa wanazisikia mechi bila kuziona. Shuleni nako alikuwa mtoto wa kutolewa nje ya darasa, hadi alipochukuliwa na mwalimu mmoja aitwaye Sydney Pigden, ambaye katika Vita Kuu ya Pili alikuwa rubani wa ndege za kivita. Mwalimu Pigden alimfundisha kusoma na kuandika, akamkabidhi kazi ndogondogo za shule ili ajione mtu wa kuaminiwa, na uwanjani akamweleza jambo ambalo makocha wengi hulieleza kwa kuchelewa: kwamba mbele ya goli hapatakiwi nguvu, na kwamba mpira upelekwe wavuni kwa utulivu uleule ambao mchezaji hutumia kumpa mwenzake pasi. Mwaka 2005 walikutanishwa tena katika uwanja wa Arsenal wa Highbury, mbele ya kamera, wakati Wright akiamini kwamba mwalimu wake alikwisha kufariki. Ukiitazama picha hiyo utamwona mwanamume wa zaidi ya miaka 40, bingwa wa Uingereza, akivua kofia mbele ya mzee yule kama mwanafunzi aliyeingia ofisini, kisha akilia.

Naanza na mwalimu huyo kwa sababu wengi huanza na mwaka 1985. Husema Wright alianza mpira akiwa na miaka 21, jambo ambalo si kweli. Mwaka 1985 alisajiliwa. Ule umaliziaji wake wa utulivu, wa kusubiri kipa ajitupe kwanza, ulikuwa umekwisha kuwekwa ndani yake tangu utotoni, na kama usingekuwapo, hakuna uvumilivu ambao ungeuleta.

Ujana wake ulipita kwa kukataliwa. Alifanya majaribio Southend na Brighton, na kote hakuchukuliwa. Akarudi kwenye kazi za mikono na mpira wa ridhaa wa Jumapili, akichezea timu ya Ten-em-Bee, huku akiwa na familia ya kulisha tangu akiwa kijana mdogo. Shaun, mtoto aliyemlea kama wake na baadaye akawa mchezaji wa timu ya taifa ya Uingereza, alizaliwa mwaka 1981, na Bradley, ambaye naye alikuja kucheza soka la kulipwa, alizaliwa Machi 1985. Katikati ya miaka hiyo Wright alifungwa jela ya Chelmsford kwa wiki mbili kwa sababu ya faini ambazo hakuzilipa, za kuendesha gari lisilo na bima wala kodi. Ndiko alikoapa kwamba atafanikiwa. Kiapo kile hupendwa sana na wasimuliaji, nami sikidharau, lakini naamini magereza yamesikia viapo vingi vya aina hiyo ambavyo havikumfikisha mwapaji popote.

Angalia badala yake kilichotokea baada ya hapo. Wright alihamia Greenwich Borough, klabu ndogo iliyokuwa ikimlipa pauni 30 kwa wiki, na wiki chache tu baadaye akaonwa na msaka vipaji wa Crystal Palace, Peter Prentice, na kualikwa kwenye majaribio. Agosti 1985 kocha Steve Coppell akamsajili. Mguu wake haukubadilika katika wiki zile chache, wala kasi yake. Mabao aliyoyafunga Greenwich Borough yalikuwa mabao yaleyale aliyokuwa akiyafunga Jumapili kwa miaka kadhaa. Kilichobadilika ni kwamba amepanda ngazi moja, na ngazi ile ilikuwa na watu wa kutazama. Kama yupo wa kulaumiwa kwa kuchelewa kwake, ni wale waliokuwa na kazi ya kutafuta wachezaji na hawakuwahi kusimama pembeni ya viwanja vile.

Palace walikuwa daraja la pili wakati huo, na nadhani hiyo ilikuwa bahati yake kubwa kuliko kiapo cha jela. Klabu ya daraja la kwanza ingemtaka afunge mara moja au aondoke. Coppell alimpa msimu mmoja, akafunga mabao 9, kisha mwaka 1986 akamletea mwenzake, Mark Bright, mrefu, mwenye nguvu za kugombea mipira ya juu na kuiacha ianguke mahali ambapo Wright alikuwa anakimbilia. Msimu wa 1988/89 wawili hao waliipandisha Palace daraja. Katika fainali ya mchujo dhidi ya Blackburn walifungwa 3-1 ugenini, wakarudi nyumbani na kushinda 3-0 baada ya muda wa nyongeza, Wright akifunga mawili. Alikuwa na miaka 25 na ndiyo kwanza anaingia ligi kuu.

Mechi ambayo ningependa umwonyeshe kijana wako ni fainali ya Kombe la FA ya tarehe 12 Mei 1990, Palace dhidi ya Manchester United. Msimu ule Wright alikuwa amevunjika mfupa wa mguu mara mbili, na alianzia benchi. Aliingia kipindi cha pili, timu yake ikiwa nyuma kwa 2-1. Dakika chache baadaye akapokea mpira upande wa kushoto, akaingia nao ndani, akamwacha beki aliyekuwa anateleza kuuwahi, na kabla kipa Jim Leighton hajajipanga, mpira ulikuwa umepita chini kuelekea kona ya mbali. Katika muda wa nyongeza John Salako akapiga krosi kutoka kushoto, ikavuka kila mtu, na kwenye nguzo ya mbali akatokea Wright na kuuunganisha hewani bila kuuacha utue. Mechi iliisha 3-3 na Palace wakapoteza marudiano kwa 1-0. Mwambie kijana asiangalie mabao tu. Aangalie anavyotembea kabla ya krosi ile, jinsi anavyojificha nyuma ya bega la beki mpaka beki anasahau kwamba yupo.

Septemba 1991 Arsenal walilipa pauni milioni 2.5, kiasi ambacho klabu hiyo ilikuwa haijawahi kumlipia mchezaji yeyote hadi wakati huo. Wright alikuwa anakaribia miaka 28, umri ambao washambuliaji wengi huwa wamefika kileleni au wameanza kushuka. Alifunga katika mechi yake ya kwanza dhidi ya Leicester kwenye Kombe la Ligi, na katika mechi ya kwanza ya ligi akaifunga Southampton mabao matatu. Siku ya mwisho ya msimu, Southampton haohao wakaja Highbury, naye akawafunga matatu tena na kumpita Gary Lineker kwa bao moja, 29 kwa 28, akawa mfungaji bora wa ligi. Kwa misimu sita mfululizo hakuna mwenzake Arsenal aliyemzidi kwa mabao. Mwaka 1993 alifunga katika fainali ya Kombe la FA na katika marudiano yake dhidi ya Sheffield Wednesday.

Halafu ikaja rekodi ya ufungaji ya Arsenal, mabao 178 ya Cliff Bastin, iliyokuwa imedumu tangu enzi za kabla ya Vita Kuu ya Pili. Tarehe 13 Septemba 1997, dhidi ya Bolton, Wright alifunga bao lake la kwanza siku hiyo na kwa furaha akaivuta jezi juu kuonyesha fulana ya ndani iliyoandikwa 179. Lakini lile lilikuwa bao la 178. Alikuwa ameifikia rekodi, hajaivunja. Dakika chache baadaye akafunga la 179 kwa kuusukuma mpira kutoka karibu kabisa na mstari, kisha akaongeza la tatu. Mpaka leo hucheka nikilikumbuka, maana hakuna kinachomweleza mtu huyu vizuri kuliko kusherehekea bao moja kabla ya wakati.

Sasa nirudi kwenye wizi niliousema. Bastin alifika Arsenal akiwa na miaka 17. Thierry Henry, aliyekuja kuivunja rekodi ya Wright mwaka 2005, alisajiliwa na Arsenal akiwa na miaka 21, karibu umri uleule ambao Wright alisajiliwa Palace; tofauti ni kwamba Henry alikuwa na medali ya Kombe la Dunia tayari, na Wright alikuwa anatoka kwenye pauni 30 kwa wiki. Mabao 185 katika mechi 288 aliyafunga kati ya miaka 27 na 34. Mwenye kusema kwamba kuchelewa kulimsaidia anieleze ni nini kingepungua kama angefika mapema.

Timu ya taifa ndiyo inayonisikitisha zaidi. Aliitwa na kucheza mara ya kwanza Februari 1991 dhidi ya Kameruni, akiwa na miaka 27, na bao la kwanza hakulipata hadi Mei 1993 dhidi ya Poland. Aliachwa kwenye Euro ya 1992, Uingereza haikufuzu Kombe la Dunia la 1994, hakuchaguliwa mwaka 1996, na mwaka 1998 majeraha yakamzuia. Jumla yake ni mechi 33 na mabao 9, manne kati ya hayo yakiwa ya usiku mmoja dhidi ya San Marino. Mchezaji anayeanza kuitwa akiwa na miaka 20 anaweza kukosa mashindano mawili na bado akabakiwa na mengine. Kwa Wright kila alichokikosa kilikuwa hakirudi.

Na hasira zake pia nazihesabu katika hasara hiyo. Alikuwa mgomvi na waamuzi, na mwaka 1994 alikosa fainali ya Kombe la Washindi la Ulaya, ambayo Arsenal waliifunga Parma 1-0, kwa sababu ya kadi. Wengine walimwona mtovu wa nidhamu. Mimi nilimwona mtu aliyeambiwa hapana mara nyingi mno akiwa kijana, akawa anacheza kila mpira kana kwamba kuna mtu anakuja kuuchukua. Njaa ile ilimpa mabao, nakubali, lakini ilimtoza pia. Ubingwa wa ligi aliupata mwaka 1998 akiwa na miaka 34, wakati Arsenal walipochukua na Kombe la FA, na mwaka huohuo akauzwa West Ham. Aliacha kucheza mwaka 2000, baada ya kuisaidia Burnley kupanda kutoka daraja la tatu.

Kwa hiyo wenzako wakimwambia kijana kwamba mvumilivu hula mbivu, nakuomba uongeze mengine. Wapo wengi waliokataliwa kama Wright, wakavumilia kama yeye na pengine zaidi, na hatuyajui majina yao. Ndiyo maana njia yake inaonekana nyepesi tukiitazama kutoka huku mwisho. Usimwahidi chochote, wala usimshauri aache kazi au masomo yake, kwa maana Wright hakuacha kazi ili asubiri klabu. Lakini usimwache abaki kwenye ligi ileile mwaka wa tatu akifunga mbele ya watu walewale. Mtafutie ngazi moja ya juu, hata ikiwa ni ya kukaa benchi, na uende wewe mwenyewe ukamwombe mtu mmoja mwenye macho aje kumtazama mechi mbili au tatu.

Tena kuna jambo hukuniandikia, nami siwezi kukushauri zaidi bila kulijua. Umesema ana kasi na anafunga sana, lakini mabao ya mazoezini na ya timu dhaifu hayatoshi kunieleza. Mtazame mechi zijazo anapobaki yeye na kipa, beki akimpumulia mgongoni, kisha uniandikie anafanya nini: anapiga kwa nguvu zote, au anainua kichwa kwanza?

Mama yako